Ujumbe Uliobeba Tarehe ya Zamani

Ni asubuhi, na charahani za dada yake zinanguruma upande wa pili wa pazia. Dada Mitambo, kama wauguzi wa kliniki ya macho wanavyomwita, ameikodolea macho kompyuta yake kama mtu anayechunga maziwa yasifurike.

Kliniki inatumia programu tatu alizozitengeneza: ya wauguzi, ya duka la dawa, na ya kuwakumbusha wagonjwa siku zao. Zote anaziweka katika folda moja kubwa, na zote zinategemea kifurushi kimoja, kipande cha programu wanachokitumia kwa pamoja kupanga tarehe. Mwandishi wa habari hizi alipobaki kutikisa kichwa bila kuelewa, Dada Mitambo alimwonea huruma.

"Angalia karatasi anayokatia dada mashati," anasema. "Ukibadilisha kola kwenye karatasi, shati la jana halibadiliki. Lazima ushone jingine."

Somo hilo lilimgharimu. Mwaka jana kliniki ilibadili siku za upasuaji. Alirekebisha kifurushi, akajaribu programu zote kwenye kompyuta yake, zikaenda vizuri. Kisha akaiweka hewani ya wauguzi peke yake, maana wao ndio waliokuwa wakimpigia simu kumharakisha. Ya wagonjwa ikabaki kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayoendesha programu, ikiwa na nakala ya zamani ya kifurushi.

Mama yake alikuwa akisubiri kupasuliwa jicho la kushoto. Wauguzi walimpangia Jumatatu. Ujumbe ukamwambia Alhamisi. Alipofika Alhamisi, daktari mgeni aliyekuja kupasua alikuwa ameshaondoka, na kabla hajarudi, jicho lile likazimika kabisa.

"Nilimwambia mama kwamba kwenye kompyuta yangu programu zilikuwa zinafanya kazi," anasema, macho yakiwa chini. "Najuta kufungua mdomo."

Mama hakugomba. Ila tangu hapo, kila ujumbe ukiingia, huvaa viatu akaenda kliniki kuuliza kama tarehe ni ya kweli. Safari hizo zinamuuma binti kuliko matusi.

Siku hizi kifurushi kikiguswa, programu zote hujengwa upya kwenye seva tupu, isiyoazima chochote kutoka kwenye kompyuta yake, na hutoka pamoja. Moja ikigoma, zote zinangoja. Wauguzi hununa, naye huwaacha wanune.

Leo kliniki imebadili siku tena, na programu zote zimejengwa bila kugoma. Muda si mrefu simu ya mama inalia nyuma ya pazia, na mama anaingia taratibu, mkono ukipapasa ukuta. Binti anamsomea: upasuaji wa jicho la kulia, Jumanne asubuhi.

"Wamebadilisha tena?"

"Wamebadilisha, mama. Na mimi nimebadilisha kote."

Mama anaulizia viatu vyake. Binti anapiga magoti, anamvalisha, anafunga kompyuta. Watakwenda kuuliza pamoja.

Mlangoni, mama akiwa ametangulia, binti anasema anachokitamani si kikubwa.

"Siku moja nimsomee tarehe, aseme sawa, halafu akae."