Maneno Alikwenda Shuleni Bila Mtungi

Ninaandika habari za Maneno, fundi cherehani wa hapa Gitega, kwa sababu vijana wanadhani shule hujengwa na serikali peke yake. Mkono wangu ni mzito kwa kalamu, lakini kichwa kiko sawa.

Mwaka 1991 mvua ya Aprili iliangusha ukuta wa darasa la kwanza. Direkta wa shule, Jean-Berchmans, akasema watoto wa darasa lile warudi nyumbani, Septemba waanze upya. Kaze, binti wa Maneno, alikuwa humo. Ndiyo kwanza ameanza kushika herufi, akizichora kwa kijiti kwenye vumbi la mlangoni kwangu, maana tulikuwa majirani.

Kwetu mzazi hakuenda kwa direkta mikono mitupu. Alibeba mtungi wa urwagwa, ile pombe ya ndizi, akaomba mtoto wake apenyezwe katika darasa jingine. Siku ile mitungi ilipanga foleni. Maneno ni Mwislamu, pombe haigusi. Akaja vivi hivi, suruali ameikunja magotini.

"Umeleta nini, fundi?" direkta akauliza.

"Miguu. Ukuta umelala, udongo upo. Tukanyage tope, tufyatue matofali."

Nkusi, muuza mkaa, naye kwenye foleni na mtungi wake, akacheka. "Fundi, tope halishonwi kwa sindano."

"Basi njoo unifundishe, kaka."

Hakungoja. Akaingia topeni, akakanyaga peke yake. Mimi nikaenda bombani, nikarudi na ndoo kichwani, nikamwambia Nkusi mbele ya wote: "Bibi kizee anabeba maji, wewe umekumbatia mtungi kama mtoto mchanga."

Akauweka chini. Wenzake wakamfuata. Mwisho hata direkta akavua viatu, tai ameitupa begani.

Mvua ikitisha, tuliyafunika matofali kwa majani ya migomba. Jioni waliokanyaga walikunywa ile mitungi. Maneno alikunywa chai yangu. Baada ya wiki chache ukuta ukasimama, watoto wakarudi.

Tangu hapo kila Ijumaa, akitoka msikitini, Maneno alipitia shuleni. Anamuuliza mwalimu Kaze anashindwa wapi, anashona mkoba wa mtoto yeyote uliochanika, anaupigapiga ukuta kwa kiganja kama ng'ombe wake. Wazazi wengine wakaanza kupitia pia, bila mitungi. Mtu kama huyo mtaa haupati wawili.

Juni ilipofika, Kaze aliandika jina langu mlangoni kwa kijiti, Mukandekezi lote, hakuruka herufi. Akanisomea. Nikamwambia asome tena, kwa sauti, Nkusi asikie.