Viungo vya Zaina

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa simu pale Korogwe hakuniuliza cheti cha kidato cha nne. Alinipa chuma cha kulehemu na kipande cha lehemu, ule waya laini wa risasi na bati unaoyeyuka na kushikanisha nyaya, akaniagiza niunge viungo kumi. Nilipomaliza alivaa miwani.

"Vinne vimekufa," alisema. "Unaviona vilivyofifia? Hivyo tunaviita viungo baridi. Kiungo kizima kinang'aa. Sasa sikia, kijana. Kuharibu utaharibu tu. Ila ukiharibu, niambie kabla chuma hakijapoa."

"Ndiyo, mzee," nilijibu. Nchi ilikuwa changa katika uhuru, nami nilidhani kuunga waya ndilo jambo gumu katika hayo mawili.

Miaka ya mwanzo nilipanda nguzo kati ya Mombo na Magoma. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa tulivuta laini hadi Kwamsisi, gurudumu la waya likiwa limefungwa nyuma ya baiskeli. Kisha nikapelekwa Handeni kuwa fundi wa kituo. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja chenye ubao wa simu: safu za matundu ambamo opereta alichomeka plagi kwa mkono ili watu wawili waongee.

Opereta wetu alikuwa Zaina, binti wa Magoma, ambaye baba yake alikuja kukata mkonge akabaki. Nilipokuwa safarini alikuwa akitumia chuma changu kuunga nyaya za ubao zilizokatika. Nilimgundua kwa sababu viungo vyake viling'aa kuliko vyangu. Alikuwa ameomba chuo cha mafundi mara mbili, na mara zote mbili alijibiwa kwamba nafasi ni za wanaume.

Mtaalamu mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake aliiachia idara yetu ya simu boksi. Ndani mlikuwa na kompyuta ndogo ya kujiundia, vipande vyote vikiwa bado havijaungwa: bodi yenye ukubwa wa daftari, vitufe, taa za tarakimu sita, na chipu, vile vidude vyeusi vyenye miguu pande mbili kama tandu. Fundi Mkuu alilileta Handeni atuonyeshe.

"Mzee, nipe mimi niiunge," Zaina alisema.

"Mwanangu, huku si kusuka ukili."

"Ukili nasuka vibaya, mzee. Ndiyo maana naomba hii."

Fundi Mkuu alicheka hadi akavua miwani. "Haya. Nikirudi nikaikuta inawaka, naliandikisha jina lako chuoni kwa mkono wangu. Isipowaka, unarudi kwenye matundu yako na sitaki kusikia tena. " Akanigeukia. "Rajabu, msimamie."

Aliiunga kwa miezi miwili, kati ya simu na simu. Kila kiungo alikichungulia kwa kioo cha kukuzia, na kilichomtia shaka alikiyeyusha upya. Chipu kubwa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, tuliiacha hadi mwisho. Hiyo hailehemiwi, inabanwa kwenye soketi yake. Ina kishimo kidogo upande mmoja kuonyesha mguu wa kwanza. Ukiigeuza, umeme unapita pasipostahili na kuiunguza.

Asubuhi ya mwisho bodi ilikuwa mezani, imekamilika isipokuwa chipu hiyo. Kengele ya ubao ikalia.

"Usiiguse, kaka Rajabu," Zaina alisema akikimbilia kiti chake. "Nakuja."

Niliigusa. Nilitaka kuwa wa kwanza kuiona ikiwaka, sina sababu nyingine ya kuwapa. Niliibana chipu, nikaunganisha betri. Kimya. Nilipoweka kidole juu yake iliniunguza. Kishimo kilikuwa kimeelekea upande usio wake. Niliing'oa, nikaigeuza, nikairudisha sawasawa.

"Harufu ya nini?" Zaina aliuliza aliporudi.

"Lehemu."

"Na umeshaiweka! We kaka una haraka kama bwana harusi." Alikuwa akitabasamu. Aliunganisha betri kwa mkono wake mwenyewe. Tarakimu hazikuwaka.

Fundi Mkuu alikuja siku mbili baadaye. Katika mkoba wake mlikuwa na barua ya kunipandisha cheo niwe msimamizi wa kituo cha Mombo, bado haijatiwa saini. Alibonyeza kila kitufe.

"Pole, mwanangu," alimwambia. "Mikono ya matundu ni ya matundu."

Nilikuwa nimesimama ubavuni pake. Chuma kilikuwa mezani, bado cha moto.

Zaina alilehemu upya kila kiungo. Kisha alimwandikia yule mtaalamu, na jibu lilipofika lilikuwa na swali moja: je, kuna chipu iliyowekwa kinyume? Kama ipo, angetuma nyingine.

"Kaka Rajabu, uliiweka sawa?"

"Sawa kabisa," nilisema. Mwezi huo nilihamia Mombo.

Nilipanda vyeo hadi nikakaa kwenye kiti cha Fundi Mkuu Korogwe. Ilipokuja mitambo inayounganisha simu yenyewe, maopereta walipunguzwa, na orodha yenye jina la Zaina niliitia saini mimi. Ile bodi niliikuta katika kabati la Handeni nikaichukua.

Nilipostaafu nilikwenda Dar es Salaam, na fundi mmoja akaning'olea chipu kama ile kutoka mashine mbovu. Niliibana, kishimo kikiwa mahali pake. Tarakimu zote sita ziliwaka. Sikuwa nimegusa kiungo hata kimoja.

Niliipeleka Magoma. Zaina alikuwa barazani, akimpa jirani yake sindano amtungie uzi.

"Macho, dada?" niliuliza baada ya salamu.

"Macho mazima. Mikono yangu haina shabaha, si unanijua tangu Handeni."

Niliiwasha bodi juu ya mkeka, nikamweleza yote. Alibonyeza kitufe, tarakimu ikabadilika.

"Viungo ni vile vile?"

"Vile vile."

"Fundi Mkuu umemwambia?"

"Alishafariki."

"Na wa chuo?"

"Sijui waliko."

"Kwa hiyo umekuja kuniambia mimi, niliyeviunga."

Aliichukua sindano kutoka kwa jirani yake, akajaribu kuitunga mwenyewe. Alijaribu mara tatu. Uzi ulipita pembeni ya tundu. Safari hii kosa lilikuwa la mikono yake kweli, kwa uzee. Akairudisha kwa jirani.

Waliostahili kuambiwa hawapo, kwa hiyo nawaambia ninyi mnaoanza kazi. Viungo vyote vya bodi ile aliviunga Zaina, na vyote vilikuwa vizima. Chipu niliiweka mimi.