Nilivyoinua Pikapu kwa Bei Rahisi

Mvua zilipochachamaa, pikapu yetu ilikwaruza tumbo kila nilipotoka kijijini kwetu Mollo kwenda mjini. Niseme ukweli, mimi si mtu wa subira. Mume wangu alikuwa Kasanga kwenye biashara ya samaki, mahindi yalikuwa yangu, matope yalikuwa yangu, na kila jiwe lililogonga chini nililitukana kwa Kifipa kwa sababu Kiswahili hakikutosha.

Fundi mmoja wa Milanzi akaniambia nisihangaike na vifaa vipya vya dukani. Nyuma aliongeza chuma kimoja cha springi alichokitoa kwenye lori bovu. Mbele hakuongeza kitu. Alilala chini na spana, akakaza vyuma vinavyobeba uzito, na gari likapanda huku naliona. Nilibaki mdomo wazi. Miaka yote nakwaruza mawe, kumbe dawa ni spana na chuma cha jalalani!

Vijana wa pale gereji hawakuniacha nipite hivi hivi.

“Shikamoo gari!” mmoja alisema. “Mama, leo umelivalisha viatu virefu.”

Nilicheka peke yangu hadi nyumbani.

Nyumbani tuliishi wawili, mimi na baba mkwe. Alikuwa na presha, na kila mwezi nilimpeleka kliniki mjini kuchukua vidonge. Daktari alishatuonya kwamba akiviacha atapooza, au tutamzika. Mzee yule alikuwa mtu wa heshima za zamani: mkwe hagusani na mkwe. Hata chumvi sikumpa mkononi. Niliiweka mezani, nikaondoa mkono, ndipo akaichukua. Kwenye gari alibanana na dirisha, na mkoba wangu ukakaa katikati yetu.

Siku ya kliniki iliyofuata alitoka amevaa koti, kadi mkononi. Akautazama mlango wa pikapu. Akalizunguka gari, akasifu matairi, akarudi alipokuwa.

“Leo nenda tu, mama,” akaniambia. “Kuna watu wa jumuiya wanakuja kusali.”

Mwezi uliofuata akasema kuna muumini mwenzake amemchukulia vidonge. Niliamini. Nilikuwa nimelewa gari langu, nayapita mawe kwa maringo, sina muda wa kumtazama mtu usoni.

Mwezi uliofuata tena, asubuhi ya kliniki yenyewe, niliwahi kurudi kutoka shambani ili nimwandalie chai. Nikasikia mtu anahema nyuma ya nyumba. Alikuwa baba mkwe, peke yake, kando ya pikapu. Alikuwa amepindua kinu cha kutwangia na kusimama juu yake, mikono miwili kwenye fremu ya mlango, goti likitafuta kiti. Akateleza. Akapanda tena kwenye kinu. Nilisimama katikati ya mahindi nikashindwa hata kukohoa. Baba wa mume wangu alikuwa anajifunza kupanda gari langu wakati sipo! Magotini suruali ilikuwa na matope mabichi, na chini yake matope mengine yaliyokwisha kukauka.

Mara ya tatu alianguka kama gunia. Alipotaka kuinuka, mkono na mguu wa kushoto havikumtii. Mdomo ulikuwa umeenda upande.

“Usinishike, mama,” alisema, maneno yakimkwama. “Ita mwanaume.”

Niliita hadi sauti ikakauka. Majirani wote walikuwa mashambani. Basi nikamshika. Tangu niolewe sikuwahi kugusa hata kidole chake. Nikamkokota hadi mlango wa pikapu, nikamwinua, lakini kiti kilikuwa usawa wa kifua changu. Sikufika. Nikajaribu tena, sikufika. Nikalia kwa hasira, nikamtukana fundi, nikajitukana mwenyewe kwa sauti mbele ya mkwe wangu.

Pembeni mwa nyumba palikuwa na shimo tulipochimba udongo wa matofali, lenye njia ya kuteremshia toroli. Nikamlaza ukingoni, nikaiteremsha pikapu shimoni mpaka kiti kikalingana na ukingo, nikamshika makwapani nikamwingiza. Pikapu ikapanda kutoka shimoni bila tumbo lake kugusa udongo popote. Niliichukia kwa hilo.

Njiani kichwa chake kiliniegemea begani kila kwenye kona, na kila mara alijitahidi kukiondoa.

Hospitalini nesi alifungua kadi yake, akakunja uso.

“Miezi miwili hajaonekana! Nani anamleta huyu mzee?”

Nilifungua mdomo nimweleze: fundi, spana, mlango. Baba mkwe akaniwahi kwa ule mdomo uliopinda.

“Mkwe wangu aliniita kila mwezi,” alisema polepole, ili kila neno litoke. “Ni mimi niliyekataa. Yeye hana kosa.”

Nesi akanigeukia, sura imelainika. Akaniambia pole dada, wazee ni wabishi, tunajua unavyohangaika naye. Nami nikaipokea pole ile, nikasema asante.