Kanuni ya Jirani

Mama yangu mdogo, Bi Mastura, alikuwa mshona kofia wa Malindi, na kwa miaka mingi hakuna aliyemjua kwa jambo jingine. Mumewe, Msellem, alikuwa fundi redio karibu na soko. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa watu wa maneno machache, na nyumbani kwao sauti kubwa ilikuwa ya redio za watu zikijaribiwa.

Msellem alifariki mwaka wa 1982. Asubuhi moja kifua kilimbana, na jirani yao Thoya akamtia kwenye pikapu yake ili ampeleke hospitali Mombasa. Mbeyu, mkewe Thoya, alikaa naye akimshika. Nafasi ya mtu mwingine haikuwapo, kwa hiyo Bi Mastura alibaki akifungasha shuka na chupa ya chai apate kufuata kwa basi la adhuhuri. Kilifi, kwenye kivuko, magari yalikuwa yamepanga foleni na feri ilikuwa ng'ambo. Pikapu ilirudi Malindi kabla basi halijaondoka.

Mbeyu hakuulizwa yaliyotokea huko, naye hakuyasema.

Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa wakati huo nami nilikuwa nyumbani, hivyo nikatumwa nikalale kwa Bi Mastura katika eda yake, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hatoki ila kwa dharura. Mwanzoni wanawake walijaa hata viatu havikupata pa kuwekwa mlangoni. Kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake, wakabaki wawili wa kila siku: Mbeyu, na Shekha, dadake marehemu. Walikuja baada ya chakula cha mchana na kuondoka kwenye adhana ya alasiri. Mazungumzo yaliwaishia mapema. Wote watatu walikuwa wakilikwepa jambo lile lile.

Siku moja Bi Mastura alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kofia yake, kwamba yeye leo hayuko hapa. Yuko katika mji wenye soko, kisima kimoja na kivuko. Akamuuliza Shekha, wewe huko ni nani? Shekha alifikiri kidogo akasema yeye ni mwizi. Mbeyu akasema yeye ni kadhi.

"Kadhi Mgiriama?" Shekha akauliza, maana Mbeyu hakuwa Mwislamu.

"Mji si wako," Mbeyu akamjibu. "Na wa kwanza nitakayemfunga ni wewe."

Mimi nilichagua kuwa karani, kwa sababu karani haulizwi mambo mengi.

Ndivyo mchezo ulivyoanza. Bi Mastura alikuwa mwenye mji: alieleza palivyo na nani amepita, kisha kila mmoja akasema mtu wake anafanya nini. Palipokuwa na shaka, kama vile mwizi kuruka ukuta, zilirushwa kete nne, yale makauri madogo ya ufukweni. Zikilala kifudifudi nyingi, umeshindwa. Mwenye mji hakukataza jambo lolote; alisema tu, "Rusha." Katika wiki chache Shekha alivunjika mguu, kadhi Mbeyu alipewa rushwa ya mbuzi na akaikubali, na kisima kilikauka. Tulicheka, jambo ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau, na Shekha akaenda kufunga dirisha ili kicheko kisifike njiani.

Watu wasio na mchezaji aliwaendesha Bi Mastura mwenyewe. Mmoja wao alikuwa fundi redio aitwaye Amin. Alikohoa akicheka, na alimenya chungwa bila ganda lake kukatika. Hakuna aliyeuliza Amin ni nani. Takriban kila siku safari ilimpeleka kwenye kivuko, na kila siku alivuka salama. Kwa ajili yake kete hazikurushwa hata mara moja.

Habari za kete zilimfikia mwalimu wa madrasa. Alikuwa mtu mpole, akatuma ujumbe kwa Shekha kwamba kurusha vitu ili kuamua mambo kunafanana na kamari au ramli, na katika nyumba ya eda maneno hayatakosekana. Bi Mastura hakubisha. Aliziweka kete ndani ya mkebe wa biskuti, akakaa siku mbili hachezi, kisha akatoa kanuni nyingine. Palipo na shaka, mchezaji amwulize aliyeketi kuliani kwake: Je, nimefika? Jirani atajibu umefika au hukufika, na neno lake halipingwi.

Kanuni ilikuwa nzuri ila ilituharibia mji. Nani angemwambia mwenzake ameanguka kisimani, naye yuko pale anamtazama usoni? Kila aliyeuliza aliambiwa amefika. Mguu wa Shekha ulipona kwa siku moja. Mahindi yalikubali katika kila shamba.

"Wifi," Shekha alisema siku moja, "mji huu hata kunguru hawaibi tena. Mimi mwizi nitakula nini?"

Mpwa wa Thoya, aliyeitwa Kazungu, alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu Mombasa. Mbeyu alimsimulia mchezo, naye akasema wenye kiwanda wanatafuta kitu cha kuviuzia vikundi vya akina mama na shule. Waandike kanuni, ataziangalia. Nilidhani Bi Mastura atakataa. Alikubali papo hapo. Alisema wako wanawake wanaokaa eda wakitazama ukuta, na kama kijitabu kitamfikia mmoja tu, basi. Aliniambia niziandike kwa mfano, ili asiyewahi kucheza aelewe. Nikaandika kurasa tisa, na mifano nikaitoa katika michezo yetu.

Kazungu alifika Jumamosi, amekwisha kuzisoma. Kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa edani, alikaa barazani, akatoa makiwa kwa sauti, na tangu hapo maswali yake yalipita kwangu niliyesimama penye pazia, ingawa kila mtu alimsikia mwenzake. Aliuliza mshindi ni nani. Nikajibiwa hakuna mshindi. Aliuliza mchezo unakwisha lini. Unakwisha adhana ikilia, na kesho mji upo pale pale. Aliuliza asiye Mwislamu atajuaje wakati. "Mwambie atazame sufuria yake," Mbeyu alisema, na huko barazani Kazungu akacheka.

Kisha akauliza ikiwa jirani atamwonea mwenzake huruma, itakuwaje. Mchezo ambao hapana anayekosa kitu, alisema, watu watauchoka mara moja. Tena kuna jambo hakulielewa katika mifano.

"Huyu fundi Amin," alisema. "Wengine wote huuliza. Yeye anavuka tu. Kama ana kanuni yake, iandikwe, msomaji asipotee."

Nilisimama pale na pazia mkononi. Hakukuwa na haja ya kulirudia swali. Bi Mastura alikuwa ameshika sindano, uzi umesimama. Shekha akaniambia kwa ukali nimpelekee mgeni kahawa, mengine yatajibiwa kesho.

Jumapili waliketi kama kawaida, Mbeyu kuliani kwa Bi Mastura. Bi Mastura aliweka kofia chini, jambo ambalo hakuwahi kufanya katika mchezo. Akasema asubuhi hii fundi Amin hajisikii vizuri. Amefika kwenye kivuko. Foleni ni ndefu. Kisha akamgeukia Mbeyu.

"Je, amefika ng'ambo?"

 "Shoga," Mbeyu alisema, "waniuliza mimi, ama wauliza kadhi?"

"Nakuuliza wewe. Wewe ulikuwapo."

Shekha alifunika uso kwa kanga. Mbeyu alitazama mikono yake.

"Hakufika," alisema. "Feri ilikuwa ng'ambo, twaiona. Thoya alikuwa amefungua redio ya gari. Mumeo, ndugu yangu, akasema, waya wa redio hii umelegea, nikirudi nitautengeneza. Akaniegemea. Nilidhani amelala."

"Hakuniita?"

"Hakuita mtu, shoga. Hakuogopa. Alikuwa akisikiliza ule waya."

Bi Mastura aliinamisha kichwa kwenye bega la Mbeyu akalia. Tangu msiba sikuwa nimemwona akilia. Watu walikuwa wamemsifu kwa subira yake. Alilia mpaka adhana, na hata baada ya adhana hakuna aliyeinuka kwenda zake.

Kazungu alipokuja jioni kuchukua jibu, Bi Mastura alisema mwenyewe nyuma ya pazia, sauti yake nzito.

"Andika kwamba fundi hana kanuni yake. Na mwenye mji naye ana jirani kuliani, aulize kama wengine."

"Na jirani akiogopa kusema?"

"Asicheze na mtu asiyempenda," alisema Bi Mastura. "Hilo liandike la kwanza."

Kazungu aliandika. Kijitabu kilichapwa mwaka uliofuata, chembamba, jalada la buluu, na jina la mtungaji lilikuwa Mastura binti Abdulghani. Sikujua kama kiliuzwa sana. Nakala moja niliwahi kuiona Mambrui, imefungwa kwa uzi kwa kuwa pini zake zilikuwa zimeshika kutu, na kurasa zake zilinuka kahawa na ubani.

Lakini jioni ile, Kazungu alipokwisha kwenda, wanawake watatu walirudi wakaketi mahali pao. Shekha, macho bado mekundu, aliuliza redio za mji atazitengeneza nani sasa.

Bi Mastura aliokota kofia yake, akatafuta pale alipoachia sindano.

"Tutakaa bila redio kwanza," alisema.