Vifungo vya Koti la Shujaa

Kila gari la sinema likishapita Keroka, kesho yake fundi cherehani wa barazani kwa Osman muuza kahawa hushona polepole, maana mdomo una kazi nyingi kuliko mguu. Pini huzibana menoni, na akitaka kuihukumu picha huzitema kiganjani moja moja, watu wakingoja. Mapigano hayamshughulishi, yeye hutazama mishono. "Mwizi wa farasi alivaa vizuri," alisema asubuhi hiyo, "lakini shujaa wenu alivaa koti la kike. Vifungo kushoto!" Mezani lilikuwa koti la harusi la Ombati, karani wa soko, aliyetaka liwe kama la shujaa huyo. Fundi alikuwa ameshalitia alama za chaki za matundu ya vifungo, na mkasi ulikuwa wazi.

"Fundi, ngoja! Vilikuwa kulia!" Ombati alipiga kelele. "Nitaoa Jumamosi, usinivishe gauni!"

"Nilivyoona ndivyo nitakavyokata."

Mwalimu Drusilla, aliyekuwa akinywa kahawa hapo barazani, akauliza kwa upole, "Fundi, jana ulikaa upande gani wa shuka la sinema?"

"Nyuma. Mbele mlijaa kama nzige."

"Na shujaa alikula kwa mkono gani?"

"Wa kushoto. Hana adabu kabisa."

Osman alicheka hadi kahawa ikamwagika. Fundi aliutazama mkasi, kisha akazitema pini zote kwa pamoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akafuta chaki kwa kiganja.

"Kumbe kulia kwake nilikuona kushoto! Tangu jana namsingizia mtoto wa watu," alisema. "Haya, nisimulieni ninyi. Mimi nimeitazama picha kwa mgongo wake."