Rimu Pana, Siku ya Kumtoa Baba

Wacha niwaambie mimi mwenyewe, kwa sababu najua hapa Sotik mshaambiwa na watu wengine na kila mmoja ameongeza chumvi yake. Ndiyo, mimi ndiye yule kijana ambaye gari yake ilishindwa kumtoa baba yake kwenye geti ya kiwanda siku ya kustaafu kwake, mbele ya kwaya, mbele ya meneja, mbele ya watu aliofanya nao kazi miaka thelathini na mbili. Aibu hiyo sijaimaliza. Mtu akitaja rimu karibu na mimi, hata kama anaongea na mwingine, masikio yanapata moto.

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha majani chai upande wa Kericho. Alitoka kule ziwani akiwa kijana, na siku ya kwanza aliingia shambani akiwa amekaa juu ya trela ya majani, kwa sababu barabara ilikuwa matope na trekta peke yake ndiyo ilikuwa inapita (alikuwa na sanduku moja la bati na mvua ilimnyeshea njia yote, akafika kwa nyapara anatetemeka, watu wakamcheka). Hadithi hiyo mimi na dada zangu tumeisikia mpaka tunaijua kwa moyo, na kila mara alikuwa anaimaliza vile vile: "Niliingia hapa juu ya trela kama gunia. Siku ya kutoka, nitatoka nimekaa kwenye kiti."

Sasa mwaka jana, baada ya kurekebisha simu za watu miaka mingi, nikanunua gari. Si gari ya maana kwa mtu mwenye familia, ilikuwa ya sports, nyekundu, milango miwili, viti vya nyuma vya kubahatisha. Nilipoipeleka nyumbani, kule kwa nyumba za kampuni, Baba aliizunguka mara mbili mikono nyuma, akagonga boneti kidogo kama mtu anapiga hodi, akasema, "Omondi, hii ndiyo itanitoa." Mama akaingia ndani haraka, na nilijua ameenda kulia. Baba si mtu wa kuomba. Katika maisha yangu yote hilo ndilo jambo moja aliloniomba.

Ilikuwa imebaki miezi miwili astaafu. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mngeosha gari, mngeweka mafuta, mngengoja siku. Mimi nilikaa nikiiangalia nikaona rimu zake ni nyembamba, gari ya sports imevaa viatu vya shule, nikasema haiwezekani Baba atolewe hivyo. Hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Mahali ninapopelekanga gari hapa Sotik ni kwa Fundi Kirui, mtu mpole, haongei sana, lakini akiongea anaongea na kipimo mkononi. Akanieleza polepole. Rimu zilizokuja na gari zilikuwa upana wa inchi saba na nusu, ofseti arobaini na nane. Ofseti, akasema, ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapofungiwa kwa gari. Namba ikiwa kubwa, tairi inaingia ndani ya fenda, lile bati la juu ya tairi. Ikipungua, tairi inatoka nje. "Wewe chukua inchi nane, ofseti arobaini na tano," akaniambia. "Itajaa vizuri na haitakusumbua."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaona zangu. Kulikuwa na jamaa anauza rimu za kutoka nje, na kati ya zile alizokuwa nazo kulikuwa na nne za rangi ya shaba, inchi tisa na nusu, ofseti ishirini na mbili. Woi! Nilizipenda vile mtu anapenda msichana ambaye ameambiwa na ukoo mzima aachane naye. Nikazibeba mpaka kwa Kirui. Akazipima, akaandika hesabu yake kwa chaki hapo chini kwa simiti, akasema, "Zitatoka nje vidole vitatu kuliko zile za kwanza."

"Si ndiyo nataka?" nikamjibu. (Nikimkumbuka vile aliniangalia, hata leo natamani kurudi nyuma nijizibe mdomo.)

Akazifunga, kwa sababu gari ni yangu. Nikaizungusha uwanjani pale, nikakata kona kulia, nikakata kushoto, haikugusa mahali. Kirui akanishika mlango. "Bado. Ita watu wanne waingie, uweke mzigo nyuma, tuipeleke kwa ile tuta ya sokoni. Gari tupu haisemi ukweli." Nikaangalia juu, mawingu yalikuwa yanakuja, barabara ya sokoni ina matope, nikafikiria rimu zangu. Nikamwambia siku nyingine. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshakufa kitambo.

Na Baba? Baba aliyefanya kazi ya kupima nafasi kati ya chuma na chuma maisha yake yote, ambaye angeweka kidole kimoja pale na kuniambia ukweli kwa dakika moja, sikumwuliza. Nilitaka aone siku yenyewe. Nilitaka ashangae.

Siku ikafika, Jumamosi. Nilifika mapema sana, nikaegesha mbele kabisa ya holi, mahali ambapo hakuna mtu angeingia bila kuiona, na nitasema ukweli wote: wakati mchungaji anaomba, mimi nilikuwa nje nimechuchumaa na kitambaa nafuta rimu. Nilisikia "Amina" nikiwa kwa tairi ya tatu. Nilipoingia ndani, waliongea maneno mazuri. Meneja alisema mashine ambayo Baba ameifunga haifunguki yenyewe. Mzee Arap Langat, rafiki yake wa tangu zamani, aliyesimama upande wa pili wa mashine moja naye miaka yote hiyo, akainuka na sinendet mkononi, ule mmea wa kutambaa ambao Wakipsigis wanamvisha mtu aliyeshinda, akamzungushia Baba shingoni juu ya suti mpya. Akasema, "Huyu alikuja mgeni. Leo anatoka mtu wetu." Holi yote ikapiga makofi, na Baba alikuwa anaangalia chini tu.

Halafu tukatoka. Kampuni ilikuwa imempa trekta na trela ya kubeba vyombo mpaka Sotik, ilikuwa imeshapakiwa, iko nyuma yetu: vitanda, meza, makochi, kuku kwa kikapu. Kwa gari yangu waliingia Mama na Mzee Arap Langat nyuma (kuwaingiza watu wa umri huo kwa mlango mmoja, wakipitia nyuma ya kiti kilichokunjwa, hiyo peke yake ni mkasa mwingine), Baba akakaa mbele, na kwa buti wakaweka lile sanduku la bati na gunia la mahindi ambalo wafanyakazi walikuwa wamechanga. Baba akajisogeza kwenye kiti, akakipapasa, akasema polepole, "Haya. Twende." Kwaya ikaanza kuimba ikitembea mbele yetu kwenda geti. Kutoka hapo mpaka geti si mbali, mtu anatembea dakika kumi.

Tulipoanza tu nikasikia kitu nyuma: krrrr. Nikajifanya sijasikia. Mama akasema, "Yawa, ni nini hiyo?" Nikamwambia ni mawe. Tukafika tuta la kwanza, nyuma ikashuka, ikapiga kelele kama mtu anaburuta kabati kwa simiti, na harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani. Hapo ningesimama. Mtu mwenye akili angesimama. Lakini kwaya ilikuwa mbele, meneja alikuwa pembeni anapunga mkono, nikasema moyoni hata ikikwaruza, si geti ni ile pale, nikakanyaga mafuta.

Baada ya tuta kuna mtaro unaokata barabara. Tuliushuka na uzito wetu wote. Ule ukingo wa fenda uliingia kwa tairi ya kushoto nyuma kama kisu kwa ugali, pah! Kwaya yote ikaruka. Gari ikainamia upande huo, tairi ya kulia nayo ikaanza kutoa moshi mweupe, na mtu mmoja kwenye watu wa kuchuma majani akapiga ukemi, "Inawaka! Mzee ako ndani!" Jamani, watu wanampenda Baba. Walikuja na ndoo. Hawakuuliza. Wengine wakamwaga maji kwa tairi, mwingine akaja na mchanga wa ile ndoo nyekundu ya kiwanda akautupa kwa dirisha, ukanipata mimi kwa uso na ukampata Baba kwa suti na kwa sinendet. Mama na Arap Langat hawangeweza kutoka nyuma mpaka sisi tutoke mbele, na mkanda wangu ulikwama. Mama alikuwa anaita jina la Yesu. Niliona aibu mpaka nikasikia baridi.

Tulitoka wote tukiwa wazima. Baba akapiga magoti kwa matope na suti yake ile, akaweka kidole kati ya tairi na fenda, hakikuingia. Akazunguka upande mwingine, akajaribu tena, hakikuingia.

"Hii rimu ni upana gani?"

"Inchi tisa na nusu."

"Na ile iliyokuja nayo?"

"Saba na nusu."

"Na ukaivuta nje tena." Hakuwa anauliza. Akapangusa mchanga kwa nyusi. "Ulipima?"

"Nilipima, Baba."

"Ukiwa na nani ndani?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Nikajibu, "Peke yangu."

Akatingisha kichwa mara moja tu. Angenipiga kofi ningeshukuru. Tairi ya akiba ilikuwepo, lakini ilikuwa moja, na ile ya kulia nayo ilikuwa imekatika mpaka nyuzi zinaonekana. Ufunguo wa nyumba alikuwa amesharudisha, huko Sotik dada zangu na wageni walikuwa wanangoja na chakula, na mvua ya mchana, mnaijua ile ya Kericho, ilikuwa imeshasimama juu ya mashamba. Dereva wa trekta akaja karibu, hakutaka kusema, akasema: "Mzee, nafasi iko. Lakini ni kwa trela."

Trela tena, kama siku ile ya kwanza. Wa kwanza kunielewa pale alikuwa Mama. Mimi na yeye tuliangaliana tu. Nikamshika Baba mkono, nikamwambia nitaita teksi, nitamwomba meneja gari yake, angoje kidogo tu. Baba akautoa mkono wangu polepole. Akakanyaga tairi ya trela, Arap Langat akamsukuma kutoka nyuma, akapanda. Juu ya vyombo kulikuwa na kochi letu kuukuu la mtu mmoja, akaligeuza likaangalia mbele, akakaa, akanyoosha sinendet shingoni. Halafu akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Si niliwaambia nitatoka nimekaa kwenye kiti?"

Watu wakaangua kicheko, akina mama wakapiga vigelegele, kwaya ikashika wimbo pale ilipouacha. Wakampandisha Mama na lile sanduku la bati. Walitoka getini hivyo. Mimi nilibaki kando ya gari, na mvua ikaanza kabla trekta haijafika kona, na nilijua inamnyeshea kama ile ya siku ya kwanza. Nililia, sitawaficha. Arap Langat alibaki nami chini ya mwavuli wake, na hilo namshukuru.

Wiki iliyofuata Kirui akanirudishia rimu za zamani na tairi mpya, akagonga fenda zikarudi, hakunisimanga hata kidogo. Jumapili yake nikaenda kwa Baba kwenye shamba lake dogo la Sotik, nikamkuta anachimba msingi wa banda la kuku. Nikamwambia, Baba, nimeitengeneza, twende leo, tuingie kiwandani kama wageni, halafu nikutoe kwa geti vile ulitaka, nishaongea hata na askari wa geti.

Akasimamisha jembe. Akaangalia gari kwa muda. "Hapana," akasema. "Nimeshatoka. Mtu hutoka mara moja."

Kisha akamwita Mama, akamwita jirani na mke wake, akawaambia waingie ndani ya gari wote, na mimi nikae kwa usukani. Akachuchumaa nyuma. Tulikaa humo, jirani hajui ameitiwa nini, huku Baba akipitisha kidole kati ya tairi na fenda, kushoto, halafu kulia.

"Sasa kinapita," akasema.

Zile rimu za shaba niliuza kwa mtu wa Roret, na kabla achukue nilimwambia yote haya, akacheka, akazichukua. Mimi nimeapa: gari yangu haitapimwa tena ikiwa na mimi peke yangu ndani. Na Baba, mtu akimwuliza alitoka vipi kiwandani, bado anajibu, "Kijana wangu ndiye alikuja kunitoa." Anasema hivyo nikiwa nimekaa hapo hapo, na mimi naangalia chini.