Kipande cha Pili cha Dada Yangu

Dada yangu alipomaliza dawa za saratani ya titi alirudi kijijini kwetu Misigiri, akavaa kofia ya sufu mpaka nywele zikaota, kisha akashika jembe. Msimu ule alizeti zake zilistawi kuliko za jirani yeyote. Mama alichinja kuku tukala, tukaamini yamekwisha.

Yalirudi kama maumivu ya mgongo. Dada alisingizia kazi ya kupura alizeti, hadi asubuhi aliposhindwa kuinuka kitandani. Tukapanda basi kurudi Dar es Salaam, hospitali ile ile aliyotibiwa mwanzo. Vipimo vikaonyesha saratani imeingia kwenye mifupa na ini.

Daktari alikuwa binti mpole, mdogo kwetu kwa umri. Aliomba ruhusa ya kutoa kipande kwenye ini ili vinasaba vyake vyote visomwe, vilinganishwe na vya kipande cha kwanza, cha titi, walichokuwa wamekihifadhi.

"Ni utafiti," alisema. "Tunataka kujua saratani inabadilikaje inaporudi. Siwaahidi dawa."

Dada alikubali papo hapo. Ndani ya basi la kurudi nyumbani akaniambia, "Wakiisoma wataijua. Wakiijua wataiweza."

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nilimrudilia maneno ya daktari taratibu, kama nawafundisha watoto. Akageukia dirishani.

Miezi ikapita. Alikonda, sauti ikawa ndogo, na kila simu yangu ilipoita alinyoosha mkono aipokee yeye.

Daktari alipiga asubuhi moja, dada akiwa uani anaota jua. Nikaweka spika.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Nipe habari."

"Asili yake ni saratani ile ile, dada, ila imebadilika. Dawa ziliua seli nyingi. Zilibaki chache zilizokuwa tofauti na nyingine. Hizo ndizo zilizozaana, na bado zinabadilika. Ndiyo maana dawa za mwanzo haziiwezi tena."

"Kama wadudu wa pamba," dada akasema. "Unapulizia, wanabaki sugu."

"Ndiyo, dada."

"Haya. Na hao sugu, dawa yao ipi?"



"Hatuna, dada yangu. Nisamehe."

Dada alimshukuru, akamtakia kazi njema, akanirudishia simu. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Wamesemaje?"

Dada akamjibu kwa Kinyiramba chetu kwamba safari hii ugonjwa wameuona vizuri kabisa. Mama akamshukuru Mungu, akarudi kusonga ugali huku akiimba pambio. Nilifungua kinywa. Dada akanikazia macho, nikakifunga.

Tulimzika kabla mvua za kwanza hazijanyesha. Ardhi ilikuwa ngumu, vijana walichimba kwa sururu kwa kupokezana. Siku chache baadaye daktari alipiga kunipa pole. Alisema vipande vile viwili vitawafaa wagonjwa wengine. Huenda ni kweli. Nilimjibu asante, lakini moyoni sikuona popote pa kuyaweka maneno yake.

Mama hajanyamaza mpaka leo. Tukiwa wawili huniuliza: kama waliuona vizuri, ilikuwaje ukawashinda? Namwambia sijui, mama. Hunitazama kidogo, kisha huinuka na kwenda zake ndani.